Mpanda wa Pili

Ubao ulizama kidole kizima zaidi ya ulivyotakiwa kuzama, na aliyeliona hilo alikuwa mtu mmoja tu, yule aliyeuchonga.

Fundi alikuwa amesimama baharini, maji magotini, mikono kiunoni. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao mpya, akisubiri kawimbi kamwonee huruma. Ilikuwa asubuhi ya jua, bahari imelala, upepo hakuna. Sasa, ubao wa kupandia mawimbi si gogo la kuvukia mtaro. Huchongwa kwa uzito wa mtu. Huu Fundi aliuchonga kwa mtu wa kilo sabini na mbili. Alilikata povu gumu kwa msumeno, akalipiga msasa siku tisa, akalivisha kitambaa cha faibaglasi na gundi yake, na alijua kama anavyoijua njia ya jikoni kwake kwamba mtu wa uzito huo akiulalia, ukingo lazima ubaki juu ya maji. Ukingo ulikuwa chini. Ulikuwa chini kama ubao uliolaliwa na watu wawili.

"Leo umekula nini wewe?" akauliza.

"Nimekula ulichopika," mumewe akajibu bila kugeuza shingo. "Yaani sijala."

Huyo ndiye Bingwa. Jina hilo alijipa mwenyewe. Miaka kumi na minne iliyopita alishinda mashindano ya watu wanne, wawili kati yao wakiharisha, na tangu siku hiyo hajapata kukutana na binadamu anayemfikia begani. Wapandaji wenzake aliwaita magunia. Mkewe, ambaye mbao zake zilikuwa zikiagizwa kutoka miji ambayo Bingwa hawezi hata kuionyesha kwenye ramani, alimwita seremala wa makabati. Na kwa kuwa debe shinda haliachi kutika, alitika asubuhi, alitika mchana, na jioni alitika akiwa amejaza mdomo chakula kile kile alichokisema vibaya.

Kazi yake pale karakana ilikuwa moja tu, kujaribu mbao mpya. Duka linalozichukua lilikuwa na fomu yake ya majaribio, na masharti yake hayakuwa ya mzaha. Ubao ujaribiwe katika bahari za namna nne: tulivu, ya upepo, ya mwamba, na ya wimbi kubwa. Tena ujaribiwe na watu wawili wa uzito mmoja, mmoja anayesimama mguu wa kushoto mbele na mwingine mguu wa kulia mbele, kwa sababu ubao unaweza kumtii huyu ukamtupa yule. Bingwa alikuwa wa kushoto. Wa kulia alikuwapo, tena karibu. Alikuwa mdogo wake Fundi, mwalimu wa kuogelea, kilo sabini na mbili bila kuzidi wala kupungua. Mwalimu aliiomba nafasi hiyo kwa adabu mara tatu.

"Yule mwenye miguu ya bata?" Bingwa alisema. "Mimi niandikwe karatasi moja na bata?"

Basi siku ya kuanza, kabla hata ubao haujanusa maji, aliikalia ile fomu mezani na kikombe cha chai, akajaza sehemu ya mpanda wa pili kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamume. Kilo sabini na mbili. Mguu wa kulia mbele. Penye jina akapiga miayo, akaandika Mgeni. Bahari tulivu: ameridhika. Ya upepo: ameridhika. Ya mwamba: ameridhika. Wimbi kubwa: ameridhika sana. Chini kabisa, penye maoni, akaona kazi imekuwa tamu, akaongeza: Yuko tayari kupanda wakati wowote.

Akaitia sahihi, kisha akamsukumia mkewe. "Tia na yako. Wewe si ndiye mtengenezaji?"

"Huyu mtu yuko wapi?"

"Yumo kwenye karatasi. Tia sahihi, acha maswali ya polisi."

Fundi alitia. Alikuwa amechoka kubishana na mtu huyu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na uchovu ni mshauri mbaya. Laiti angeichana ile karatasi pale pale, mimi leo nisingekuwa na la kusimulia.

Siku ya upepo ilifika ya pili yake. Bahari ilichafuka, vijiwimbi vikaja kutoka kila upande vikigongana. Kila asubuhi ya majaribio Fundi humpima mpandaji kwenye mizani ya karakana kabla hajaingia majini, ndiyo desturi ya kazi, uzito huandikwa ukutani kwa chaki. Bingwa alipanda mizani akiwa ameingiza tumbo ndani. Mshale ukasimama kwenye sitini na moja.

"Jana ulikuwa sabini na mbili," Fundi akasema.

"Mizani yenyewe ya kupimia viazi."

Fundi akapanda yeye. Mizani ikampa uzito wake ule ule wa siku zote. Akamtazama mumewe kuanzia utosini. Kitambi kipo, mashavu yapo, kidevu cha pili kimekaa pale pale juu ya cha kwanza. Hakuna kilichopungua ila namba. Akaandika sitini na moja, chaki ikamvunjikia mkononi.

Bingwa alirudi baada ya saa nzima akivimba. Ati ubao unashika maji vizuri, ati amekata kona ambazo magunia hawajawahi kuziota. Fundi hakumsikiliza, alikuwa ameinamia ubao. Juu ya ubao hupakwa nta ili miguu isiteleze, na nta haijui kusema uongo. Anayesimama juu yake huacha nyayo. Nyayo za Bingwa zilikuwapo, kushoto mbele, hafifu mno, kama za mtoto. Katikati yake palikuwa na nyayo nyingine. Kulia mbele. Zilikuwa ndefu, vidole virefu, hazina upinde wa unyayo, na zilikuwa zimedidimia mpaka nta imekwisha na kitambaa kinaonekana.

"Nani mwingine amepanda?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nani anaweza kupanda bahari ya leo isipokuwa mimi?" akasema Bingwa, akaenda zake kuoga.

Mchana ule Fundi alikuwa karakana peke yake, mlango wazi, jua limejaa sakafuni, mashine zote zimezimwa. Ubao ulikuwa umelazwa juu ya vigogo viwili vyenye sponji. Alikuwa amekwisha kuukausha kwa taulo, akaugusa, ukawa umelowa. Akaukausha tena. Akaugusa, umelowa, na maji yalikuwa ya baridi na yalinuka mwamba uliokaa muda mrefu juani maji yakiwa yamepwa, harufu ya vitu vilivyofia kwenye nyufa. Akageuka kuchukua taulo jingine, na nyuma yake akasikia tap. Kisha tap. Mtu asiye na haraka alikuwa anahamisha miguu juu ya ubao, anatafuta mahali pake, wa kulia, halafu wa kushoto, halafu wa kulia unasogezwa kidogo mbele, na vigogo vikalia kwa uzito, na Fundi akasimama na taulo lake akikataa kugeuka, mwili umemsisimka mpaka kwenye fizi, akihesabu misumari ukutani, misumari kumi na saba, akaihesabu tena, mpaka kukawa kimya.

Hakumwambia mumewe. Angemwambia nini, na yeye angejibu nini ambacho hakijulikani?

Siku ya mwamba mizani ilisema thelathini na nane. Bingwa hakufanya mzaha wa viazi. Alishuka haraka, akajifunga kamba ya mguuni, akaondoka na ubao kwapani, na Fundi aliona kwamba mchangani nyuma yake nyayo zake hazikuonekana vizuri.

Mwalimu alikuja kutazama. Yeye hakuwa na kinyongo, ndilo umbile lake. Alikuja na miwani ya jua na karanga. Wakakaa juu ya jiwe, dada na mdogo mtu. Wimbi la mwamba ni wimbi safi, linainuka kama ukuta wa kijani, na jua likilipiga unaona mpaka samaki ndani. Bingwa alilishika moja, akasimama, akateremka. Alikuwa anapanda vizuri kuliko alivyopata kupanda maishani mwake, na hilo peke yake lilitosha kumtisha mtu anayemjua.

"Dada," Mwalimu akasema polepole, karanga imesimama njiani, "mume wako anaegemea nini?"

Kwa kweli alikuwa anaegemea. Mgongo umelala nyuma, mikono imening'inia, vidole vya miguu vinagusa ubao kwa shida, kama mtu anayebebwa. Na kwenye ukuta wa wimbi, pale kivuli chake kilipokuwa kikikimbia, vivuli vilikuwa viwili, kimoja chembamba kinachotetemeka, na kingine kipana nyuma yake, kimekunja magoti sawasawa, mguu wa kulia mbele, mkono mmoja umezunguka kiuno cha kile cha kwanza.

"Umeona?" Fundi akanong'ona.

"Nimeona. Usinionyeshe tena."

Jioni, jua halijazama bado, Bingwa aliingia jikoni akafunga mlango. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu. "Sogea huku," akasema, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya ndoa sauti yake haikutika. "Kuna mtu ananipumulia kisogoni. Hata sasa. Nikiwa majini anaweka miguu penye miguu yangu, ananisogeza pembeni. Ananicheka. Ananiambia sijui kusimama."

Fundi alimshika mkono. Ulikuwa mwepesi kama glavu tupu. Moyo ulimwuma kweli kweli, maana mtu ni mtu, na huyu alikuwa wake. "Twende kwa mganga," akasema. "Sasa hivi."

"Twende," akasema Bingwa. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kukaa dakika mbili bila kumdharau mtu, akaongeza, "Na yote haya ni kwa sababu umechonga ubao mbovu."

Mganga alikuwa mwanamke wa makamo aliyeshona nguo mbele na kuagua nyuma, na hakuona haja ya kuinuka kwenye cherehani kwa kazi kama hii. Alisikiliza na pini mdomoni. Aliitaka nakala ya fomu, akaisoma mara mbili, akaitema pini.

"Nyie mna wazimu?" akasema. "Huko baharini wapo wasio na uzito, wasio na miguu, wasio na pa kukaa. Wanazunguka miaka na mikaka wakitafuta mwenye kuwafungulia. Ninyi mmemkalia mmoja mezani mkampa kilo zake, mkampa mguu wa kutanguliza, mkampa nafasi, mkaandika yuko tayari wakati wowote. Na sahihi mbili! Mimi wateja wangu wengi wamerogwa na wengine. Mliojiroga wenyewe kwa kalamu, ninyi ndio wa kwanza."

"Anatolewaje?" Fundi akauliza.

"Kirahisi. Ile nafasi ina mwenyewe, si ndiyo? Huyu bwana aende kwa shemeji yake, amwambie mbele ya watu: nilidanganya, mpanda wa pili hayupo, nafasi ni yako, nisamehe. Akisema kwa kinywa chake, yule hana pa kusimama. Bila mbuzi, bila kuku. Maneno tu."

Bingwa alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, na kiti hakikulia. Alitazama kuta, akatazama vitambaa.

"Mimi," akasema mwishowe, "nimwombe radhi bata?"

"Mume wangu, nakusihi."

"Mbele ya watu?" Akacheka, na kicheko kilikuwa chembamba. "Mnataka wanicheke pwani nzima. Kesho wimbi kubwa linaingia. Nitalipanda, na nikishalipanda, huyo mgeni wenu atajua nani mwenye ubao."

Mganga akarudisha pini mdomoni. Sikio la kufa halisikii dawa, na yeye alikuwa na sare za shule za kumaliza.

Asubuhi mizani ilisema tisa. Fundi alisimama mlangoni akaukinga kwa mikono yote miwili. Alimwomba kwa wema. Alimwomba kwa ukali. Alipiga magoti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu. Bingwa alimruka kama anavyoruka dimbwi, akaenda.

Na lile lililotokea baharini Fundi na mdogo wake waliliona kwa macho yao, kwa hiyo asije mtu akaniambia ni hadithi za vijiweni. Wimbi lilikuja kutoka mbali, kubwa kuliko nyumba, likafunika mstari wa mbingu, na Bingwa akageuza ubao akapiga maji kwa mikono isiyoyashika maji, na ubao ukaenda wenyewe, ukapanda, ukasimama juu kabisa kwenye ncha ya wimbi, na pale wakamwona amesimama mguu wa kushoto mbele, anageuza kichwa nyuma, mdomo wazi, anasema jambo ambalo hakuna aliyelisikia, halafu ubao ukatumbukia na wimbi likajikunja juu yake na kukawa na handaki la maji na giza na ngurumo, na ilipita sekunde kumi, ikapita ishirini, Mwalimu akawa amekwisha kuvua viatu ili ajitupe, ndipo ubao ukatoka upande wa pili wa handaki, haraka, umetulia, na juu yake mtu mmoja tu, magoti yamekunjwa sawasawa, mguu wa kulia mbele.

Pwani ikapiga makofi. Wajinga hawakujua wanampigia nani.

Alitoka majini akitembea taratibu, na kila hatua mchanga ulimmeza mpaka kwenye vifundo. Uso wa Bingwa, kitambi cha Bingwa, kidevu cha pili cha Bingwa. Akasimama mbele ya Mwalimu, akainamisha kichwa.

"Shemeji," akasema kwa upole, "nafasi ile ilikuwa yako. Nilikosea. Nisamehe."

Mwalimu alirudi nyuma hatua tatu. Fundi hakurudi nyuma, alibaki akikitazama kile kinywa. Maneno yalikuwa yale yale aliyoagiza mganga, lakini kinywa hakikuwa chenyewe, na Bingwa wake asingeyasema hata kwa kisu shingoni. Hapo ndipo alipojua kwa hakika kwamba mumewe hakurudi.

Nyumbani yule mtu alikaa kwenye kiti, kiti kikavunjika. Aliomba samahani, akakitengeneza. Alikula chakula chote, akasema kitamu, akasema mikono yako ibarikiwe, na akaosha vyombo. Alipomkaribia Fundi harufu ya mwamba mkavu ilimtangulia. Nywele zake hazikukauka. Maji yalimtiririka shingoni mchana kutwa, na yeye hakuyafuta. Kule karakana, Fundi alimpandisha kwenye mizani kwa visingizio, na mshale ukazunguka mpaka mwisho wa namba ukagonga chuma na kubaki hapo ukitetemeka. Yule mtu alitabasamu. Hakupepesa macho tangu atoke baharini.

Fundi alikimbilia kwa mganga akiwa hana hata kandambili sawasawa.

"Wako amebaki ndani ya ubao," mganga akasema. "Uzito wamebadilishana, na nafasi wamebadilishana. Anaweza kutoka, lakini mwisho ni kesho, maji yakipwa kabisa. Mtu anayemtaka amwite mara tatu kwa jina la uhusiano wao, kaka, rafiki au mume. Lakini amtake kweli! Kumwita kwa mdomo peke yake ni kupoteza mate. Na awe peke yake, maana ule mwito wa tatu, anayeuitikia kwanza ndiye anayebaki na ile nafasi."

Basi wakatafutwa wanaomtaka Bingwa. Fundi alimpigia simu kaka mkubwa wa Bingwa. "Niko kazini," kaka akasema, "mwite wewe tu." Akawaendea wapandaji wenzake Bingwa, wakaendelea kupaka nta mbao zao. Akamwendea Mwalimu, na Mwalimu, mtu asiye na kinyongo, akaweka karanga zake kando. "Dada, nitamwita ukitaka," akasema. "Ila mdomo utaita, na moyo utakuwa umekaa pale umekunja mikono. Sitaki nikudanganye."

Kwa hiyo alibaki yeye. Kesho yake saa sita mchana maji yalikuwa yamekwenda mbali, mwamba wote uko nje. Alimwacha yule mtu jikoni akiosha vyombo, akasikiliza mlio wa sahani mpaka karakana, akafunga mlango, akaweka shavu juu ya ubao.

"Mume wangu," akaita.

Ndani ya ubao kitu kikagonga. Kisha sauti, ndogo, kama inayotoka chini ya kisima. "Umechelewa! Ulikuwa wapi tangu jana, unajipaka mafuta?"

Fundi alifumba macho. "Mume wangu, toka."

"Usinifundishe kutoka. Ubao wenyewe wa kijinga, mwembamba, siwezi hata kugeuka. Nikitoka humu utanitambua. Na yule bata wako mwambie..."

"Nisikilize," akasema Fundi, na machozi yalikuwa yameanza. "Limebaki moja. Natakiwa nikutake. Nimetafuta tangu jana, nimepekua mpaka siku ya harusi, sijapata pa kushika. Nisaidie. Niambie neno moja zuri. Moja tu, la leo."

Mkono wake juu ya ubao ulihisi mtetemo mdogo usiokoma, akaelewa kwamba huyo aliyemo ndani analia, na kwamba alikuwa akilia muda wote, hata alipokuwa akitukana. Kitu fulani katika sauti za nyumba ile kilikuwa kimepungua, lakini hakuwa na nafasi ya kukitafuta, maana masikio yake yote yalikuwa ndani ya ubao.

"Mke wangu," sauti ikasema.

Miaka kumi na miwili hajawahi kumwita hivyo. "Mke wangu, naogopa. Ubao wako ni mzuri. Ulikuwa mzuri tangu zamani, zote zilikuwa nzuri. Nitoe."

Na moyo wa Fundi, moyo wa mwanadamu ni kitu cha ajabu na hakina akili hata kidogo, ukafunguka wote. Alimtaka. Alimtaka na kitambi chake na kelele zake, alimtaka kuliko alivyomtaka siku ya kwanza, akavuta pumzi, akaita kwa nguvu zake zote, kwa kweli yake yote, "Mume wangu!"

"Naam," akaitikia mtu nyuma yake.